Tenke: Mtoto amekimbia vita, fishi yake ya chanjo imebaki nyumbani

Tenke, jimbo la Lualaba. Mama mmoja aliyekimbia vita ya Bukavu mwezi wa Februari 2025 alifika kwa shangazi yake hapa Tenke na mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi. Alipitia Uvira, akapanda mashua mpaka Kalemie, halafu magari ya mizigo mpaka Lubumbashi. Fishi ya chanjo ya mtoto ilibaki nyumbani, ndani ya sanduku la nguo.

Siku ya kupima kilo za watoto, muganga alimuuliza: "Mama, mtoto amekwisha kupata sindano ngapi?"

"Nyingi, muganga. Walimchoma mapaja yote mawili."

"Za ugonjwa gani?"

Mama akanyamaza. Shangazi ndiye aliyejibu: "Muganga, huyu mtoto wangu ametoka kwenye risasi. Angekumbuka fishi namna gani?"

Muganga hakugombana nao. Alikunja mkono wa shati la mtoto, akaona kovu dogo la BCG, akajua kwamba ile ya kuzaliwa alipata. Kwa zingine hakukuwa na alama. Akafungua fishi mpya na kuanza upya, kwa sababu kanuni ndiyo hiyo: pasipo ushahidi, mtoto anahesabiwa kama hajachanjwa. Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto, kumwacha bila chanjo kunaweza kumuua. Mtoto alilia sana. Mama naye alifuta machozi, maana alikuwa amekwisha kupiga foleni zote hizo mara ya kwanza, kule Bukavu.

Huko Ulaya nako watu wanahama, lakini habari za afya yao zinaanza kuwafuata. Tangu Januari 2019, mgonjwa wa Finland anaweza kuvuka bahari kwenda Estonia na kuchukua dawa alizoandikiwa kwao, bila karatasi: mwenye duka la dawa anaziona kwenye kompyuta. Tarehe 26 Machi 2025 ilipata nguvu sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya habari za afya, ambayo utekelezaji wake unakuja hatua kwa hatua. Kufika mwaka wa 2029, nchi zote za umoja huo zinapaswa kuweza kupeana muhtasari wa afya ya mgonjwa na dawa alizoandikiwa. Mwaka wa 2031 zitafuata picha za hospitali na majibu ya laboratwari. Kwa sheria hiyo, mgonjwa atakuwa na haki ya kuona habari zake mwenyewe, na kujua nani alizifungua.

Mtu asifikiri kwamba Kongo haina kompyuta za afya. Zipo. Kila mwisho wa mwezi, kituo cha afya kinahesabu: watoto wangapi wamepata chanjo, akina mama wangapi wamezaa, wagonjwa wangapi wa malaria. Karatasi inapelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko hesabu inaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kinshasa wanaweza kuona hesabu ya mwezi mzima. Lakini ni hesabu tu. Kompyuta inajua watoto wangapi walichanjwa Bukavu mwezi ule, haijui kwamba huyu aliyelala mgongoni mwa mama yake Tenke ni mmoja wao. Kwa familia iliyokaa mahali pamoja, shida hiyo haionekani sana, maana muganga anawafahamu. Kwa waliokimbia, ndiyo shida yenyewe.

Na jambo hili linawauma zaidi wakaaji wa Tenke. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa yake inachimbwa katika vilima hivi vya Tenke na Fungurume. Kobalti hiyo inaingia katika betri za simu, pamoja na zile wanazoshika waganga wa Ulaya. Reli inagawanyika hapa hapa Tenke: njia moja inaelekea Kamina, nyingine Kolwezi, Dilolo, hata bandari ya Lobito. Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya na Marekani walitia sahihi mapatano juu ya njia hiyo pamoja na Kongo, Angola na Zambia. Madini yanasafiri na karatasi zao. Mtoto amesafiri bila hata moja.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haitoshi. Tarehe 14 Mei 2021 wezi wa mitandao walifunga kompyuta za hospitali za serikali ya Ireland, waganga wakarudia kalamu na karatasi. Finland, mwaka wa 2020, wezi walitisha wagonjwa kwamba watatangaza siri walizomwambia daktari wa akili. Hapa kwetu simu moja inashikwa na baba, mama, na watoto wa jirani. Mama mwenye mimba au mwenye virusi vya ukimwi atauliza: nani atasoma? Kongo ina sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayolinda habari za mtu. Siku mashine zitakapofika vituoni, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza.

Kwa sasa, familia zinaweza kufanya hili: kupiga picha fishi ya kila mtoto, pande zote mbili, na kuituma kwa ndugu mmoja wa kuaminika anayekaa mji mwingine. Simu ikipotea njiani, picha itabaki kwa ndugu. Asiye na simu ya picha aombe kwa mtoto wa jirani.

Mama yule amefanya hivyo. Fishi mpya yenyewe ameifunga katika plastiki, ameshona ndani ya kitenge chake cha safari.