Jumamosi za Katuba

Mwaka 2003 na 2004, baba za watu walitoka kwa maelfu katika Gécamines, kampuni ya madini. Kwa fedha za Benki ya Dunia, kampuni iliwalipa wafanyakazi zaidi ya 10,000 mkupuo mmoja ili waondoke, baada ya miezi mingi bila mshahara. Fedha zile hazikudumu. Huku Katuba, mjini Lubumbashi, kama kule mtaa wa Kenya, lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo, ilikuwa rahisi kuliko chupa ya bia ya Simba, na wengi waliiendea.

Mdogo wangu, fundi umeme, alikuwa ameanza kunywa kabla ya hapo, tangu ukoo ulipojua kwamba anampenda mwanamume mwenzake. Hakuna kifungu cha sheria ya Kongo kilichomtia hatiani kwa hilo. Waliomhukumu ni sisi wa damu yake. Shangazi walimpeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha chakula, wakamkemea pepo. Alitoka amekonda, akanywa mara mbili ya zamani.

Waliomwokoa ni wenzake, wanaopenda wanaume kama yeye. Mmoja alikuwa muuguzi, naye aliniita yaya, mkubwa wake, akanionya: "Yaya, usimfungie ndani. Anayekunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa." Tukampeleka hospitali. Akapewa dawa za kutuliza mtetemeko na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini.

Aliporudi, nikawafungulia yeye na wenzake waliotaka kuacha pombe lupango langu, yaani ua wa nyumba yangu. Kila Jumamosi jioni, saa ambayo kiu huwa kali, walikaa chini ya mwembe, nami nikawapikia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Kila mmoja alisema wiki yake ilivyokwenda. Kilichosemwa pale hakikuvuka lango. Aliyeanguka alikaribishwa tena bila kuhojiwa. Usiku, aliyebanwa na hamu alimbipu mwenzake, na mwenzake alikuja kwa miguu hata mvua ikinyesha. Majirani walinong'ona. Niliwajibu kwamba wageni wangu hawalewi wala hawapigani, na wao wajiulize kama wanaweza kusema hivyo kuhusu nyumba zao.

Muuguzi yule aliwaeleza habari za Walevi Wasiojulikana, chama cha kusaidiana kuacha pombe kilichozaliwa Akron, Marekani, mwaka 1935. Sharti lake la kujiunga ni moja: nia ya kuacha pombe. Hakiulizi unampenda nani. Mdogo wangu aliniambia usiku ule, "Yaya, mwaka mzima watu wamenitaka niache kuwa mimi. Hawa wananitaka niache chupa tu."

Si wote waliofaulu kuacha. Mmoja tulimzika, na nduguze hawakututaka karibu na kaburi. Mdogo wangu alianguka na kuinuka, akaanguka tena, kisha akasimama. Leo ana karakana yake na vijana anaowafundisha kazi.

Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado naona wazazi wakimfukuza kijana wao kwa sababu ya anayempenda, halafu wakishangaa kumkuta amelala penye lutuku. Aibu ndiyo iliyomsukuma huko, na haiwezi kumtoa. Ewe mzazi, kama mwanao amezama katika pombe hivyo, mpeleke hospitali, mrudishe mezani, na uwaache rafiki zake waingie. Anahitaji mahali pa kusema kweli akiwa na akili timamu.