Makaa ya Kiwira na Mikono Yaliyopitia

Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, wilayani Ileje, ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, na wakati huo Ileje ilikuwa bado mkoa wa Mbeya. Malori yalibeba makaa hadi kiwanda cha saruji Songwe, mengine yakashika barabara kuu ya Iringa hadi Mgololo, Mufindi, kwenye kiwanda cha karatasi. Mgodini kulikuwa na mtambo wa umeme wa megawati 6. Kijana aliyeajiriwa pale alihesabiwa ameshika maisha: aliezeka nyumba kwa bati na kusomesha wadogo zake. Mwenye mgodi alikuwa serikali, na sisi hatukuwaza itakuwaje siku mgodi ukipewa mtu mwingine.

Siku hiyo ilifika mwaka 2005, mgodi ulipobinafsishwa. Sheria ya Madini ya 1998 ilikuwa imetungwa kuvuta wawekezaji, na tuliahidiwa makaa mengi zaidi na umeme mwingi zaidi. Badala yake uzalishaji ulififia hadi ukasimama. Mishahara ilikwama, wafanyakazi wakagoma, na suala likafika bungeni. Hatimaye serikali iliurudisha mgodi kwa STAMICO, shirika lake la madini, lakini wapo waliokuwa wamezeeka wakifuatilia madai yao.

Leo sheria ina meno zaidi. Sheria ya Madini ya 2010 inataka leseni ya uchimbaji isihamishwe bila ridhaa ya maandishi ya mamlaka iliyoitoa. Mabadiliko ya 2017 yaliunda Tume ya Madini na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa na ya kati. Nayafurahia hayo kwa dhati. Hata hivyo, mgodi waweza kubadili mmiliki bila leseni kubadili jina. Mwaka 2024 ETC Holdings ilinunua Shanta Gold, yenye mgodi wa dhahabu wa New Luika mkoani Songwe. Leseni ilibaki kwa kampuni ileile. Kilichouzwa ni hisa za kampuni iliyo juu yake.

Kwa wachimbaji wadogo hali ni ngumu zaidi. Dhahabu ya Lupa, Chunya, imechimbwa tangu miaka ya 1920, na sasa leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania peke yake, kwa miaka 7. Lakini mwenye leseni mara nyingi si mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Mwenye duara huingia kwa makubaliano ya mdomo, akachimba, akanunua baruti na kulisha vijana wake. Leseni ikiuzwa, mnunuzi anakabidhiwa karatasi, na jasho lililo ndani ya duara halimo kwenye karatasi hiyo. Yaliyo Chunya yanaweza kumkuta pia mchimbaji wa Nyakavangala, Iringa.

Kiwira ilitufundisha kwa gharama kubwa kwamba mgodi haukabidhiwi ukiwa mtupu. Una watu, una madeni, una mashimo yanayopaswa kufukiwa. Kwa hiyo naiomba serikali na Bunge: kabla ridhaa ya kuhamisha mgodi haijatolewa, orodha ya madai ya wafanyakazi na majirani isomwe hadharani kijijini, na mpokeaji aitie saini. Nanyi wenye maduara, msiridhike na maneno ya mdomo. Andikeni mikataba yenu leo, mbele ya ofisa madini, kabla mnunuzi hajafika.