Unga Mweupe wa Namna Mbili

Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba ajuaye fomula ya kitu amekijua kitu chenyewe, nami nikalishika neno hilo kama kipofu ashikavyo fimbo. Basi mwanafunzi wangu mmoja alipoandika katika mtihani kwamba unga wa chupa mbili si sawa, hali zote zimeandikwa TiO₂, nilimtia alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Kijana hakubisha. Kesho yake adhuhuri alinijia, akasema kwa adabu, “Mwalimu, tafadhali njoo uone.” Uani palikuwa na bilauri tatu za maji ya rangi ya buluu, zimeanikwa juani tangu asubuhi. Mbili zilitiwa unga, kila moja wa chupa yake. Ya tatu haikutiwa kitu. Unga ulikuwa umetuama. Maji ya bilauri moja yalikuwa karibu kutakata. Nyingine mbili zilipauka kidogo tu.

Niliona haya, nikarudi vitabuni. Chupa moja ilikuwa na anatasi, ya pili rutaili. Herufi za “lima” na “mali” ni zizo hizo, lakini nani alimaye kwa mali? Katika fuwele zote mbili kila atomu ya titani imezungukwa na oksijeni sita, katika umbo lenye nyuso nane. Katika rutaili kila umbo hushirikiana kingo mbili na majirani; katika anatasi, nne.

Mwanga ukipiga fuwele, elektroni huruka na kuacha pengo. Viwili hivyo vikifika usoni mwa chembe huanzisha kazi ya kuivunja rangi. Vikikutana njiani huangamizana. Katika anatasi, kwa kawaida, hudumu zaidi. Ajabu ni kwamba rutaili hunasa mwanga hadi nanomita 413 hivi, anatasi 388 tu: mwenye pato kubwa ndiye mwenye akiba ndogo! Hata hivyo rutaili si ya kudharauliwa. Ndiyo iliyochimbwa Kwale hadi 2024, na ndiyo Fujishima na Honda waliyoitumia kupasua maji kwa mwanga, katika taarifa yao ya 1972.

Alama zake nilimrudishia mbele ya darasa, nikakiri kosa langu. Akashukuru, kisha akauliza, “Na tukichanganya unga wote wawili, Mwalimu?”

Nikamwambia alete bilauri ya nne.