Ada, Mji Uishio kwa Ngozi

Wahenga walinena: ngozi ivute ingali maji. Atakaye kuuona usemi huo ukitendwa na afike Ada, mji mdogo wa Ohio, Marekani, uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya. Humo, tangu 1955, kampuni ya Wilson hushona mipira ya kandanda ya Kimarekani, iliyochongoka pande mbili.

Ngozi ya ng'ombe hutoka kwa Horween, Chicago, ikiwa imekwisha kupigwa chapa ya vipele. Vipande vinne hushonwa ndani nje. Ganda hulainishwa kwa mvuke, na mfanyakazi huligeuza kwa nguvu za mikono yake. Kisha hutiwa kibofu na kufungwa kamba.

Hata hivyo, mpira mpya huteleza. Watunza vifaa wa timu huusugua kwa kitambaa chenye maji na brashi ngumu, huupaka mafuta ya ngozi, huuacha ukauke, kisha hurudia mpaka rangi ikolee na vipele vinate vidoleni. Tangu 2006 kila timu ya ligi ya NFL huandaa mipira itakayoshambulia kwayo, kwani kila mrushaji ana mkono wake. Waamuzi nao hupima upepo: ratili 12.5 hadi 13.5 kwa kila inchi ya mraba.

Mpira ukiponyoka, huokotwa na wapinzani na mchezo hugeuka. Watazamaji humlaumu mrushaji. Ni wachache wamkumbukao aliyeisugua ngozi.