Usiku wa Mpanda Hauuzwi Kariakoo

Maskati, mwezi wa Tisa

Mdogo wangu,

Orodha yako imefika. Nimeisoma mara mbili nikidhani simu imerudia mstari. Sebuleni, kiyoyozi cha BTU 24,000. Chumbani kwako, 24,000. Kwa Mama, 24,000. Kwa watoto, 24,000. Stoo, 24,000. Stoo! Huo mpunga unaumwa homa? Halafu chini ukamalizia, "Dada, huko kwenu hivi vitu rahisi, weka kwenye kontena." Huko kwenu! Mimi niliyekulia Kashaulili, pale Mpanda, niliyelala na honi ya treni ya Kaliua masikioni, leo kwetu ni Maskati.

Na picha ya nyumba nimeiona. Hongera, kwa kweli umejenga. Bati linang'aa mpaka nimeikinga simu kwa mkono. Ila nimeikuza ile picha nikitafuta miembe ya baba, ile mitatu ya upande wa magharibi tuliyokuwa tukifanyia mtihani wa kupanda. Nimeuona mmoja tu, ule wa karibu na choo. Kwingine kote ni pevingi nyekundu kama imelambwa. Nilipouliza ukasema majani yalikuwa yanachafua uwanja.

Basi kaa kitako, dada yako ana neno. Kazi yangu hapa ni kusimamia nyumba za kupangisha. Mpangaji akinipigia saa tisa usiku huwa haniulizi hali, anasema neno moja tu: kiyoyozi. Kwa hiyo nikikwambia jambo kuhusu mashine hizi, usidhani nalitoa kwenye matangazo.

Joto la huku, mdogo wangu, halina usiku. Hilo ndilo msilolielewa mnapoona picha zetu. Mwezi wa Sita jua linazama kisha joto linabaki limekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Juni 26, 2018, huko Qurayyat, mji wa pwani usio mbali na hapa, saa 24 nzima zilipita joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6. Hizo nyuzi ni za alfajiri, saa ambayo wewe huko unatafuta shuka. Nikitoka mlangoni kwenda gari miwani inafunga ukungu, maana nje ndiko kwenye mvuke. Tenki la maji liko juu ya paa, kwa hiyo bomba la baridi linatoa maji ya kuchemshia chai. Tunachofanya ni kuizima hita ya bafuni tangu Mei, maji yake yakapoa humo ndani kivulini, kisha tunaoga kwa bomba lenye alama nyekundu. Serikali yenyewe imekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Mahali kama hapa kiyoyozi si fahari, ni sehemu ya nyumba kama ukuta.

Sasa Mpanda. Mpanda iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Septemba na Oktoba jua linachoma, sibishi, mpaka viboko wa Ikuu, mbugani Katavi, wanalaliana kwenye tope kama magunia. Lakini jua likishatua, ukatoka ukakaa barazani saa mbili, si unasikia upepo unapita miguuni? Na Juni, Julai, nani hajifuniki blanketi hapo? Mpanda ina usiku. Huku watu wana mafuta na bandari na barabara za kuteleza, ila usiku hawana, wanautengeneza kwa umeme chumba hadi chumba. Wewe unao wa bure, na umeufungia nje.

Nakwambia umeufungia nje kwa sababu joto linalokukosesha usingizi saa nne usiku si la Katavi. Ni la bati lako. Limekunywa jua tangu asubuhi, likalitapika darini, dari ya jipsamu imefungwa kote haina hata tundu la panya, na ukuta wa magharibi uliobaki bila kivuli umebeba jua la saa tisa kama tofali la tanuru, unakurudishia usiku kucha. Halafu umeweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hata ukifungua yote, nusu moja inabaki imeifunika nusu nyingine. Umelipia dirisha zima, unapata upepo wa nusu. Ya mbao ya baba yalifunguka kwa nje yote mawili, tukayaita ya kishamba.

Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na kitu, Mwarabu aliyezaliwa Tabora, Kiswahili chake kina Kinyamwezi ndani kuliko chako. Alipoletwa Omani miaka ya sabini mwanzoni, umeme haukuwa umeenea. Ananihadithia walivyopanda juu ya paa jioni na magodoro, wakalowesha shuka, wakalala chini ya nyota. Nyumba za udongo za kule Nizwa kuta zake ni nene kama urefu wa mkono, vichochoro vyembamba ili nyumba moja iikinge nyingine jua. Hawa wamejenga kwa kulikimbia jua mamia ya miaka kabla ya rimoti. Nilimwonyesha picha ya nyumba yako. Akauliza, "Mti uko wapi?" Nikanyamaza.

Haya, turudi kwenye orodha, maana najua hutaiacha. Namba ya BTU ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa chumbani kwa saa moja. Chumba cha Mama ni hatua nne kwa nne, mita za mraba kama kumi na mbili, mashine ya 9,000 inatosha na kubaki. Ukimpa ya 24,000 itapoza dakika chache, itazima, itawaka, itazima, na kwa vile haidumu kuzunguka haiwahi kuukausha unyevu wa hewa. Masika chumba kitakuwa baridi na unyevunyevu kama pango, na magoti yake unayajua. Isifungwe ikimtazama kitandani. Upepo upite juu ya miguu, au ifungwe ukuta wa ubavuni. Rimoti weka 25 au 26, uifiche. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliweka 16 kwa furaha ya mshamba, nikaamka shingo imegeukia dirishani na haitaki kurudi. Wiki nzima nilikuwa nasalimia watu kwa ubavu.

Chumbani kwako, kwa sababu ya mtoto mchanga na ule ukuta wa magharibi, sawa, 12,000, tena ya inveta, ile inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Kwa watoto weka feni ya dari na nyavu madirishani. Sebule ndiyo iliyonichekesha. Ina mita thelathini za mraba na imeungana na meza ya chakula, kwa hesabu 24,000 ingeiweza. Lakini mdogo wangu, mlango wa sebule ya Mpanda umefungwa lini? Jirani anaingia kuomba chumvi, mtoto anatoka, kuku anachungulia, shemeji anasimama katikati ya mlango akiaga nusu saa. Wenzetu huku wana majilisi, chumba cha wageni, mlango wake unafungwa, mashine inawashwa wageni wakija na inazimwa wakiondoka. Wewe utakuwa unaipoza Kashaulili yote. Weka feni mbili. Septemba na Oktoba hewa ya kwetu ikiwa kavu, nunua ile feni ya maji, inakula umeme kidogo mno na inapoza kweli, ilimradi madirisha yawe wazi. Hapa pwani haifui dafu kwa sababu hewa imekwishashiba maji. Na kwenu mvua zikianza Novemba, ifunike ikae.

Stoo, hapana. Toboa matundu juu na chini, basi.

Umeme wenyewe sasa. Najua mmechangamka tangu laini ya kilovolti 132 iletwe kutoka Tabora kupitia Inyonga, na mnastahili, baada ya miaka yote ile ya jenereta za dizeli na feni inayozima usingizi ukiwa mtamu. Lakini mita ya LUKU haina undugu. Hiyo ndogo ya 9,000 ikifanya kazi saa nane kwa siku inaweza kula uniti tano, sita. Uniti 75 za mwezi, zile za bei ya mtumiaji mdogo, zitaisha kufikia tarehe 15, hujawasha hata friji. Na zile tano zako za 24,000 zikiwaka pamoja ni sawa na kuchomeka pasi kumi kwa mpigo. Kila mashine iwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi, ipate na stebilaiza, kwa kuwa umeme hafifu ndio unaoua kompresa. Kile kipande cha nje usikifunge upande wa jua la jioni, na ukikijengea nondo za kuzuia wezi acha nafasi kipumue. Filta isafishwe kila wiki mbili kiangazi. Huku vumbi la jangwa nikilibandua kwenye filta linatoka zima kama kipande cha blanketi la kijivu. La kwenu litakuwa jekundu.

Na hili sikutanii. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje, kinazungusha ileile iliyomo ndani. Nikisikia mtu ameingiza jiko la mkaa kwenye nyumba hiyo iliyofungwa madirisha, hata kama ni usiku wa mvua, hata kama ni maharage tu yanamalizikia, nitapanda ndege. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu. Mnazika watu kila masika kwa jambo hilo, na bado Mama anajifungia na jiko kuota moto kwa sababu hamjamkatalia.

Ninaleta mbili. Ya 9,000 na ya 12,000, nikija Desemba. Fedha ya zile tatu ifanyie mambo haya: fundi atoboe matundu ya hewa pande mbili chini ya paa ili joto la darini litoke, bati lipakwe rangi nyeupe hata kama majirani watacheka, na baraza ya magharibi iongezwe hatua tatu. Ng'oa mistari miwili ya pevingi upande ule, upande miembe. Sitakaa kivulini mwake mimi, najua, lakini huyo mchanga wako atakaa.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba fundi ameuliza bei ya kuukata na ule wa chooni. Mwambie panga aliache kwake. Na usisahau lita tano za asali ya Inyonga, ile nyeusi, si ile ya mwaka jana uliyochanganya.

Dada yako