Niliamini Kilichoandikwa Kwenye Boksi

Kwa miaka mitano nilichagua transiva kwa kusoma namba moja tu: kilomita. Nilikuwa mhandisi katika kampuni ndogo ya intaneti huku Nyanda za Juu Kusini, na kila njia ya faiba ilipotakiwa kuongezewa kasi, orodha ya manunuzi niliiandika mimi. Njia ya kilomita 30? Nunua ya 40. Ya 60? Nunua ya 80. Bosi aliniamini, nami nikajiamini kuliko alivyoniamini yeye.

Kama kazi yako si hii, transiva ni kidude cha chuma kama kidole, kinachochomekwa kwenye swichi au ruta. Ndani yake mna leza inayogeuza umeme kuwa mwanga, na kipokezi kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Bila hicho, mkongo uliofukiwa ardhini ni glasi tu.

Ajali ya kwanza ingetosha kunifundisha. Njombe mjini tulikuwa na vituo viwili vilivyoachana kilomita 3. Stoo kulikuwa na transiva za 10G, yaani gigabiti 10 kwa sekunde, za kilomita 80, nikazifunga hapo, nikidhani kinachoweza mbali hakishindwi na karibu. Upande mmoja ukafa siku ile ile. Transiva ya masafa marefu hupiga mwanga mkali, na kipokezi chake kimetengenezwa kuhisi mwanga uliokwisha kuchoka na safari. Leza ilitoa kama +3 dBm, njia haikupunguza hata desibeli 2, na kipokezi hakikutakiwa kupata zaidi ya -7. Kipunguza mwanga cha bei ndogo kingeiokoa. Mimi nilisema muuzaji katuletea mzigo mbovu, nikaagiza nyingine.

Tulikuwa na fundi wa kuunga nyuzi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliyekuwepo tangu mkongo wetu wa Makambako hadi Njombe unafukiwa. Mimi nilimwita "fundi" tu, yeye aliniita "Injinia". Siku moja greda la barabara likakata mkongo, wateja wakawa hawapo hewani, naye akakataa kufunga boksi la viungo. Splaisi moja, yaani kiungo cha uzi na uzi, ilikuwa inapoteza desibeli 0.3. Akaikata, akaunga upya, ikatoa 0.15. Akaikata tena. Nilikuwa nampigia simu kila baada ya dakika tano. Kesho yake nikamwandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Aliisaini mbele yangu, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari lake kubwa la kaunta. Sikujiuliza daftari lile lilikuwa na nini.

Mapema 2024 tuliamua kuipandisha njia hiyo kutoka 10G hadi 100G. Barabara yenyewe ni kilomita kama 60. Transiva za 10G za kilomita 80 zilikuwa zimefanya kazi pale miaka yote bila usumbufu, basi nikaagiza za 100G za kilomita 80. Hesabu yangu iliishia hapo. Fundi alinifuata koridoni akauliza, "Injinia, umeipima kwa 1310?" Nikamjibu kuwa njia inafanya kazi, ipimwe nini? Akasema sawa, akaenda zake.

Mei mwaka huo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja, na nchi nzima ikalalamika. Sisi tulifunga transiva mpya wiki kadhaa baadaye. Njia ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Wateja walipopiga simu niliwaambia tatizo liko baharini. Bahari ilikwisha kutengenezwa na nilijua. Mwenye duka la steshenari, wakala wa fedha za simu, muuguzi wa zahanati moja, wote waliniambia asante kwa maelezo. Katika mambo yote ninayoyaeleza hapa, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko fedha zilizopotea.

Usiku mmoja wa Julai nilikuwa peke yangu kituoni. Anayeijua Njombe ya Julai anajua baridi yake. Nilikuwa nimesafisha konekta zote, nimebadilisha kila kitu kinachobadilishika. Kwenye skrini kulikuwa na namba nne: -26.9, -27.3, -27.8, -28.6. Transiva za aina ile hazitumi mwanga mmoja. Hutuma rangi nne kwa pamoja, kila moja ikibeba gigabiti 25, zote zenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 1310. Mwisho wa kipokezi chetu ulikuwa -28. Rangi tatu zilikuwa zikifika kwa shida na ya nne ilikuwa ikizama, na ikizama moja njia nzima imezama.

Saa nane usiku mlango ukagongwa. Ni fundi, koti limefungwa hadi shingoni, mkono mmoja chupa ya chai, mkono mwingine daftari. Hakuwa zamu. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba taa ya kituoni haijazimwa siku ya tatu.

Nikamwambia, "Mzee, nimeshindwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Alinimiminia chai, akafungua daftari sakafuni. Mlikuwa na kila mkato wa njia ile tangu siku ya kwanza: tarehe, kilomita, chanzo, na desibeli zilizopotea kwenye kila splaisi. Greda. Mtaro wa maji. Moto wa shamba la miti. Greda tena. Mikato 14 kwa jumla, na kila mkato huacha splaisi mbili, maana kipande kipya lazima kiungwe huku na huku. Barua yangu ya onyo ilikuwa bado mle ndani, imekuwa alama ya ukurasa. Aliisogeza pembeni kama mtu anayesogeza bahasha tupu, akachukua kalamu.

Mkongo si kilomita 60, ni 67, kwa sababu huzunguka makalavati na kila shimo lina mizunguko ya akiba. Kwa nanomita 1310 glasi hupoteza kama desibeli 0.35 kila kilomita: 23.5. Splaisi 16 za awali, 0.1 kila moja: 1.6. Splaisi 28 za viraka, wastani 0.15: 4.2. Konekta nne: 2. Akapiga mstari. 31.3. Transiva zangu ziliweza kuvumilia 30, na desibeli 30 maana yake ni kwamba katika sehemu elfu moja za mwanga imefika sehemu moja. Mimi nilikuwa nimezidi hapo.

"Na zile za 10G?" nikauliza.

"Zile ni za 1550."

Ndipo nikaona. Mwanga wa mawimbi mafupi hutawanywa zaidi na glasi. Kwa 1550 upotevu ni kama 0.22 kwa kilomita, hivyo uzi ule ule ulipoteza 22.5 tu, na transiva za zamani ziliweza 24. Maboksi yote mawili yaliandikwa kilomita 80, na hakuna lililodanganya. Yalikuwa yanaongelea glasi nyingine, isiyo na magreda.

Kama una orodha ya manunuzi mbele yako sasa hivi, safu ya kwanza kilomita na ya pili bei, najua ulipo. Sikucheki. Nilikaa hapo miaka mitano, na waliokuwa wanalipa ni wengine.

Kwenye kikao bosi aliuliza kilichotokea. Mzee alikuwa na kila sababu ya kunimaliza. Alisema, "Mkongo una viraka vingi, bosi. Tumeupima." Tumeupima! Nilisimama nikaeleza yote: swali la koridoni, transiva iliyoungua, uongo wa bahari, na barua ya onyo ambayo niliomba ifutwe. Nilitarajia kufukuzwa. Bosi alinyamaza kwa muda, kisha akaniagiza nilete hesabu mpya kwa maandishi, na Mzee aisaini kabla yake.

Kwanza nilitamani transiva za koherenti, zinazotumia 1550 na kusoma mwanga kwa namna ya ndani zaidi. Glasi yetu ingezipenda. Lakini zile tulizozipata zilikuwa za umbo la QSFP-DD, zenye kula wati 15 na kuendelea, na nafasi za swichi zetu zilikuwa za umbo la QSFP28, zisizotoa umeme wa kiasi hicho wala kuhimili joto lake. Tungenunua swichi pia. Mzee ndiye aliyeuliza kwa nini tusishuke katikati, kwenye mnara wenye umeme tayari. Tukaikata njia vipande viwili, tukarudia splaisi saba mbaya kuliko zote, tukafunga transiva za kilomita 40 kila upande. Hizo zinaruhusu desibeli 18, na kila kipande kilisoma kama 15. Tatu zilizobaki, alisema Mzee, ni za magreda yajayo. Pale mjini kwenye kilomita 3 tukaweka za kilomita 10. Zile za 80 ziko stoo mpaka leo, na nikipita hapo huwa natazama pembeni.

Mzee alistaafu mwaka uliofuata na akaniachia daftari. Mwezi uliopita mtu akichimba msingi wa nyumba alikata mkongo kilomita ya 41. Nilikwenda na vijana wawili, tukaunga, tukarudia splaisi moja mara tatu huku simu zikiita. Tulipomaliza nikampigia.

"Imetoa ngapi, mwanangu?"

"0.07, Mzee."

"Umeandika?"

"Bado, ndiyo kwanza tunafunga boksi."

"Basi andika kwanza, halafu unipigie."