Panadol na Brufen

Bodaboda iliniangusha Mwenge, nikaulalia mkono wa kushoto. Nilipofika idara ya dharura kifundo kilikuwa kimeumuka kama andazi. Nesi akaniuliza: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi? Nikasema tisa. Kwa kweli yalikuwa saba, ila foleni ilikuwa ndefu.

Swali la pili likaniudhi. "Umemeza nini tangu asubuhi, kaka?" Sijameza kitu, nikajibu. Akaniletea Panadol viwili, Brufen viwili na kikombe cha maji.

Nilijiona nimedharauliwa. Vidonge hivyo mama huviweka kwenye kopo la kabatini, na hata dukani kwa Mangi vipo. Mimi nilitaka sindano. Kwetu dawa isiyochoma hatuiamini.

"Meza kwanza, kaka. Nitarudi kukuuliza."

Aliporudi baada ya saa nzima nikasema nne, tena kwa sauti ya chini.

Miezi kadhaa baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika katika idara mbili za dharura huko Bronx, New York. Wagonjwa 416 wenye maumivu makali ya mikono au miguu waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa ibuprofeni (ndiyo Brufen) miligramu 400 na parasetamoli (ndiyo Panadol) 1,000. Mengine matatu yakapewa dawa za jamii ya afyuni zilizochanganywa na parasetamoli, zile ambazo Marekani zimewaingiza wengi kwenye uraibu. Baada ya saa mbili, kwa kipimo kilekile cha sifuri hadi kumi, kundi la kwanza lilishuka kwa 4.3. Mengine yalishuka kati ya 3.5 na 4.4. Kitaalamu, hakuna lililolishinda jingine.

Ibuprofeni huzuia kemikali zinazochochea uvimbe pale palipoumia; parasetamoli hufanya kazi zaidi ubongoni. Kila moja inapita mlango wake. Lakini Brufen na diklofenaki hugombea mlango mmoja: ukizimeza pamoja huongezi nafuu ya maana, unaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara kwa figo.

Hapo ndipo nilipolielewa swali lake. Mimi nilikuwa nikiwaza dawa ipi ina nguvu. Yeye alitaka kujua ndani yangu mna nini tayari. Nami sikumwambia kwamba dereva alikuwa amenipa diklofenaki mbili, nikazificha mfukoni nizimeze kimyakimya endapo Panadol ingeshindwa. Jioni nilipovua suruali nikazikuta, zimelowa jasho, karatasi yake imeanza kuchanika.